Chumvi Iliyopigwa Pasi

Nesi aliuliza mara mbili kama wameelewa, na mara zote mbili Dobi ndiye aliyejibu. Mkewe alikuwa amejikunyata kwenye kiti kando yake, sweta juu ya gauni na shali juu ya sweta, ilhali nje jua la saa sita lilikuwa likiwakausha hata inzi. Shali ilikuwa na kazi mbili: kumkinga na baridi ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, na kuficha uvimbe uliokuwa umemtoka shingoni polepole tangu mwaka uliopita.

"Chumvi yenye madini joto," nesi alirudia, huku akiandika kwenye kadi. "Si ile ya kwenye gunia inayopimwa kwa kikombe. Ya pakiti, iliyoandikwa. Hiyo tezi imevimba kwa sababu inayatafuta hayo madini na haiyapati. Uchovu, baridi, vyote vinatoka hapo. Na mtoto tumboni anayahitaji kuliko mama. Akiyakosa, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na akili nzito. Tumeelewana?"

"Joto," alisema Dobi, akisugua viganja. "Nesi, hapo umefika kwa mwenyewe."

Nesi alikuwa na wajawazito arobaini kwenye benchi, hakuuliza mwenyewe wa nini. Laiti angeuliza, hadithi hii ingeishia palepale kliniki, na sisi sote tungekwenda zetu.

Mimba hiyo ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu na ya pili mwezi wa tano, na baada ya hapo mume na mke waliacha hata kulitaja neno mtoto, kwa kuogopa kulishtua. Hii sasa ilikuwa imeingia mwezi wa nne. Kila asubuhi Dobi alifungua macho akiwa na hofu, akamtazama mkewe, akaona bado mambo yapo kama yalivyolala, ndipo akathubutu kuamka. Mwanamume huyo angekunywa maji ya mtaro kama angeambiwa mtoto atakaa.

Na sasa ameambiwa jambo rahisi. Mke ana baridi, dawa yake ni joto. Kwa miaka kumi na mitano Dobi alikuwa amekula, amevaa na ameoa kwa joto. Alikuwa anajua pasi ya mkaa inataka makaa mangapi kwa hariri na mangapi kwa suruali ya askari. Akipitisha kidole chenye mate chini ya pasi na kusikia inavyolia, alikuwa anajua itachoma au itabembeleza. Kama kuna mtu aliyeumbwa kutekeleza agizo la nesi, basi ni yeye.

*

Walipotoka kliniki alimpeleka mkewe nyumbani, kisha akaenda dukani peke yake.

"Nipe chumvi yenye joto."

"Madini joto," alisema mwenye duka, na kumtupia pakiti.

Dobi akaiwekea kiganja. Akaigeuza, akaiweka shavuni. "Hii imepoa."

"Imepoa?"

"Baridi kabisa. Iko kwenye rafu tangu lini?"

"Dobi, unataka chumvi au unataka uji?"

"Nataka nilichoandikiwa."

"Basi soma! Hapo imeandikwa nini? Madini joto."

"Hata mimi suti ya mteja naiandikia imepigwa pasi," alisema Dobi. "Ukienda kuishindilia kwenye begi wiki mbili, mikunjo itasoma hayo maandishi?"

Mwenye duka akaangalia juu, akamwomba Mungu subira, kisha akapokea hela. Hawa wawili hawakuwa wakipatana tangu siku Dobi aliporudisha sabuni akidai haina povu la kutosha. Dobi akaondoka akinung'unika kuwa wafanyabiashara wa siku hizi wanaliacha joto linapoa halafu wanauza jina.

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Alikuwa amekuja kuilinda mimba, na katika kuilinda aliona hatari kubwa ni mkwewe. Hakuwahi kumtukana hata siku moja. Alimwita tu "mwanangu," kwa sauti ile ambayo watu humwitia mbuzi aliyeingia kwenye mboga.

"Mwanangu, nesi amesemaje?"

"Madini joto, mama. Yamo humu, lakini yamelala. Nitayaamsha."

Chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka la dobi: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, kamba ya kutundikia nguo, ndoo, na pasi imekaa juu ya tofali. Dobi akachukua shuka jeupe kuukuu, akamwaga chumvi katikati, akaisambaza kwa kiganja mpaka ikawa bapa. Akalikunja shuka mara nne. Akanyunyiza maji kwa vidole, maana kitambaa kikavu huungua. Akapepea makaa, akapima kwa kidole chenye mate, akaipiga pasi chumvi, taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka mvuke ukaacha kutoka. Kisha akaianika kwenye sinia mlangoni juani, isipoe haraka. Jioni akaitia chunguni tangu maji hayajachemka, joto lipate muda wa kuingia kwenye chakula.

Mama mkwe alikuwa amesimama muda wote huo mikono kiunoni. Akachovya kidole kwenye chumvi ya moto, akaionja.

"Leo umefikiri," alisema.

Miaka saba ya ndoa, na hilo ndilo neno jema la kwanza kutoka kinywani mwake. Sifa ya mama mkwe ni kileo. Tangu hapo Dobi hakushikika tena.

"Unajisikiaje?" alimuuliza mkewe chakula kilipoliwa.

Mkewe alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye pasi yenye makaa, na sahani ya moto mapajani. Akamtazama mumewe usoni, akaona jinsi alivyoacha kutafuna ili asikie jibu.

"Kajoto kadogo kapo," alisema.

"Umesikia, mama? Siku ya kwanza tu!"

*

Mama mkwe alikuwa mtu wa kuficha siri zake na kutangaza ushindi wake. Wiki haikuisha, foleni nzima ya bombani ilikuwa imeshajua kuwa chumvi ya dukani imelala na inaamshwa kwa pasi. Akaja msusi wa nywele, naye mjamzito, na pakiti yake kwapani. Akaja mke wa fundi viatu, mjamzito pia. Akaja muuza mkaa, ambaye hakuwa na mimba wala mpango wa kupata mimba, lakini alisema baridi ya magoti haichagui.

"Kiasi gani?" waliuliza.

"Chumvi ya afya silipishi," alijibu Dobi, na kweli hakulipisha. Alisimama kwenye meza yake akijiona nusu daktari. Hata kutembea alibadilika. Alianza kufunga mikono nyuma.

Wa kwanza kulia alikuwa mwalimu mkuu. Huyu alikuwa mteja wa mashati sita kwa wiki, mtu wa kola ngumu na maneno mapana. Jumatatu moja aliingia shati likiwa mkononi, amelishika kwa vidole viwili.

"Fundi. Ijumaa nilisimama mbele ya wazazi nikihutubia habari za maadili. Jasho likanitoka. Kola ikaanza kuwasha, ikachora mistari myeupe shingo nzima. Nikaramba mdomo. Unajua nini, fundi?"

"Nini, mwalimu?"

"Shati langu limekolea."

Mke wa Dobi, aliyekuwa akishona vifungo pembeni, akajificha nyuma ya koti la mtu. Dobi hakucheka. Aliligeuza shati, akaona chumvi imeganda kwenye mishono, akaitazama na pasi yake, ambayo pembeni ilikuwa imeanza kushika kutu.

"Mwalimu, nisamehe. Kwa sasa kuna kazi kubwa kuliko kola."

"Basi endelea nayo," alisema mwalimu mkuu. Akachukua mashati yake yote sita, hata ambayo hayajafuliwa, akavuka barabara kwenda kwa dobi mwingine, yule anayeunguza. Dobi alimwona akiingia. Iliuma, haikukosa kuuma. Lakini akajiambia kuwa mashati yapo tu, na mtoto ni mmoja.

*

Wiki sita zilipotimia wakarudi kliniki, mara hii watatu, kwa kuwa mama mkwe alitaka kuwepo mkwewe akisifiwa. Wajawazito walikuwa wameagizwa kila mmoja aje na kijiko cha chumvi ya nyumbani kwake, kwenye karatasi. Mezani palikuwa na visahani vyeupe vimepangwa, na nesi ameshika kichupa.

"Hii dawa," alisema nesi, "ikikutana na chumvi yenye madini joto, chumvi inageuka buluu. Isiyo nayo inabaki nyeupe. Haidanganyi wala haipokei rushwa."

Akadondosha tone kwenye kisahani cha kwanza. Chumvi ikawa buluu, kana kwamba mtu amemwaga wino. Wanawake wakapiga makofi. Cha pili, buluu. Cha tatu, buluu. Dobi, aliyekuwa nje ya dirisha na wanaume wengine watatu, akapanua kifua. Kama chumvi baridi za watu zinakuwa buluu, ya kwake itakuwa nyeusi.

Tone likaangukia chumvi ya mkewe. Ikabaki nyeupe.

Nesi akaongeza tone. Nyeupe. Akatikisa kichupa, akajaribu tena. Nyeupe pe, kama meno ya mtu anayecheka.

"Hii umenunua ya gunia," alisema nesi.

"Hapana, nesi. Ya pakiti."

Ikafuata ya msusi. Nyeupe. Ikafuata ya mke wa fundi viatu. Nyeupe. Nesi akaweka kichupa chini, na uso wake ukabadilika.

"Ninyi watatu mnanunua wapi?"

Wakataja duka, wote kwa pamoja, duka lilelile moja.

"Basi huyo mtu anauza chumvi bandia!" Nesi alikuwa ameshasimama, simu mkononi. "Anatia mawe kwenye pakiti, na watoto wa watu wanaharibikia matumboni. Nawapigia maofisa wa afya sasa hivi. Duka lifungwe leo, na yeye alale ndani."

Chumba kikalipuka. Msusi alisema siku zote alimwona yule mtu ana macho ya wizi. Mama mkwe alisema chumvi bandia hata ukiiamsha vipi haiamki. Na Dobi, tuseme ukweli, kwa muda wa kupepesa jicho alifurahi. Alimwona mwenye duka akitolewa dukani kwake na askari, akikumbuka ile siku ya sabuni.

Ndipo akamsikia msichana mmoja mjamzito kwenye kona, mwenye sauti ndogo, akisema, "Lakini na mimi nanunua palepale." Kisahani chake kilikuwa buluu. Hakuna aliyemsikia, kwa kelele.

Dobi alisikia. Akavitazama vile visahani vitatu vyeupe, akavihesabu kwa wenyewe: mke wangu, msusi, mke wa fundi viatu. Hakuna hata kimoja ambacho hakikupita mezani kwake. Mwanamume mwenye joto kuliko wote mtaani akaisikia ile baridi ya mkewe.

Angeweza kunyamaza. Mama mkwe alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, na sifa yake ya wiki sita ilikuwa bado mbichi. Mwenye duka angelala ndani siku mbili, wangenunua chumvi kwingine, na hakuna ambaye angejua. Lakini hiyo ya kwingine nayo ingeletwa kwenye meza yake, na pasi ingekuwa inamngoja.

"Si mwenye duka," alisema. Hakuna aliyesikia. Akapitisha mkono dirishani, akapiga meza mpaka visahani vikaruka. "Si mwenye duka! Ni mimi. Nimeipiga pasi."

Nesi akashusha simu sikioni. "Umepiga nini?"

"Pasi. Chumvi."

Nesi akamtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kwa nini mtu apige pasi chumvi? Ilikuwa na mikunjo?"

"Ilikuwa imepoa, nesi. Ulisema madini joto. Nikalirudisha joto. Nainyunyizia maji, napiga pasi, naanika juani."

"Maji, pasi na jua," nesi alirudia taratibu, akakaa chini. "Baba, sikiliza. Hayo madini hayana joto lolote. Ni jina tu. Joto ndilo linaloyafukuza. Unyevu unayafukuza, jua linayafukuza. Chumvi hii inafunikwa, inawekwa pakavu, na inatiwa chakula kikikaribia kuiva. Wewe umechukua adui zake wote watatu, ukawakusanya kwenye shuka moja."

"Madini joto yanaogopa joto?"

"Ndiyo."

"Sasa nani aliyeyaita madini joto?"

Miaka kumi na minane nesi alikuwa akilitamka neno hilo kila siku ya kliniki.

"Sijui," alisema. "Na mimi nilikuta yanaitwa hivyo."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka mizani ikatikisika. Msusi alicheka huku akimpiga Dobi mabegani kwa mkoba kupitia dirishani, kwa hasira ya kweli, na kila pigo lilimzidishia kicheko. Wanaume watatu dirishani wakasogea mbali naye kidogo, watu wasije wakadhani wametoka nyumba moja. Mama mkwe alikuwa anatazama dari.

Mkewe naye hakucheka. Dobi aliingia ndani, akapita katikati ya miguu ya watu mpaka mezani, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto?"

Nesi naye akaacha kucheka. Akavuta kadi, akasoma vipimo vya damu vya asubuhi ile. "Vimeshuka kuliko mara ya kwanza. Siwezi kukudanganya, muda umepotea. Lakini haujaisha. Daktari ataanza kumpa vidonge leo. Siwezi kukuahidi kitu, baba, ila tunaanza leo."

*

Njiani mama mkwe alitangulia mbele, haraka, kama mtu mwenye miadi. Wao wawili walitembea polepole.

"Wiki sita," mkewe alisema hatimaye.

"Mke wangu, nimekosa. Kama huyu naye akitoka, nitakuwa nimemtoa kwa mikono yangu mwenyewe." Machozi yalikuwa yanamlenga na hakujali nani anapita.

"Nilijua," alisema mkewe.

"Ulijua nini?"

"Ya madini sikuyajua. Nilijua sisikii joto. Hata siku moja sikulisikia. Lakini kila nikimeza tonge ulikuwa unanikodolea macho hivyo, unaacha hata kutafuna. Ningekwambia vipi? Nikasema kajoto kapo. Siku ya pili nikaona aibu kusema hakapo. Ningesema kweli, tungerudi kliniki wiki ya kwanza." Akasimama, akaishika shali kwa mikono miwili. "Usiubebe huo mzigo peke yako. Nusu ni yangu."

Wakasimama hapo, katikati ya njia, watu wakiwapita kushoto na kulia.

"Kuanzia leo nikikuuliza, niambie kweli," alisema Dobi.

"Na wewe, nisipokuomba, usinisaidie."

Walipofika nyumbani hawakumkuta mama mkwe. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, kwa wote aliowatangazia, akiwaambia wamwage chumvi waliyonayo wakanunue nyingine. Dobi alimsikia akizungumza na muuza mkaa ng'ambo ya ukuta. "Tulikosea," alikuwa anasema. "Tulidhani ni joto la moto. Tulikosea." Dobi alisimama akiisikiliza ile "tu." Katika miaka saba mama huyo alikuwa amemwambia umekosea kwa kila namna ambayo lugha inaruhusu, lakini hiyo hakuwahi kuisikia.

Mwenye duka naye alipata habari kabla ya magharibi. Hakugomba. Kesho yake alibandika karatasi juu ya rafu: CHUMVI HAIPIGWI PASI. Watu walikuja kuisoma kutoka mitaa ya mbali, na kwa aibu ya kusoma bure, kila mmoja alinunua pakiti.

*

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote alizowahi kufanya Dobi ilikuwa kutofanya kitu. Chumvi ilikaa kwenye kopo lenye kifuniko, kwenye rafu ya juu, na yeye akilipita alipeleka mikono nyuma kama amekamatwa. Mkewe alimeza kidonge kila asubuhi kabla ya kula. Dobi alipomuuliza anajisikiaje, alijibiwa "baridi," akalimeza jibu. Akajibiwa "baridi" wiki ya pili, na ya tatu. Mwezi wa tano ulielekea ukingoni, na nyumba nzima ikatembea kwa ncha za vidole. Ukatoka. Wa sita ulipofika katikati, mkewe alikuwa akishona kifungo, akavua shali akaitundika kwenye kamba ya nguo za wateja, bila kuulizwa. Dobi aliona, akakimbilia nje kwenda kulia nyuma ya ndoo.

Mtoto alizaliwa mwezi wake ulipotimia, Alhamisi, saa nne asubuhi. Nesi yuleyule alitoka akiwa amembeba, amefungwa kama kifurushi cha nguo safi, nyuma yake mlango uko wazi na mama ameketi kitandani, amechoka, anatazama.

"Wa kike," alisema nesi. "Kilo tatu na kidogo."

"Shingo?" aliuliza Dobi.

"Anayo."

"Nauliza tezi."

"Nimeangalia. Haina neno. Na leo tutatoa tone la damu kisiginoni tupime, usiwe na wasiwasi."

"Akili je?"

"Baba, ana dakika ishirini duniani."

"Wewe ndiye uliyeniambia itakuwa nzito. Nimeishi na hilo neno miezi sita. Niambie."

Nesi akamtazama, akaona hatanii. Akafikiri. "Alipozaliwa alilia. Nikamweka kwa mama yake, akalitafuta titi mwenyewe, akalipata, akanyamaza. Wewe unawajua watu wazima wangapi wanaonyamaza wakipewa walichokitaka?"

Akamkabidhi. Dobi alimpokea kwa viganja vile vigumu vilivyojaa alama za kuungua. Mtoto alifumbua jicho moja, akamkagua babake bila haraka, akalifumba. Dobi alitaka kumwambia kitu, walau kumwomba radhi kwa zile wiki sita, lakini machozi yalitangulia. Yakapita mashavuni, yakakusanyika kidevuni.

Mama mkwe akaruka kutoka kwenye benchi, akauingiza mkono wake kati ya kidevu cha mkwewe na uso wa mtoto.

"Futa hayo machozi, mwanangu," alisema, na safari hii hakuna mbuzi aliyeitwa. "Usimdondoshee mjukuu wangu. Chumvi hiyo hatujaipima."